Upande wa A, Upande wa B: Ubishi wa Albamu Bora Bondeni Ruzizi

Bonde la Ruzizi ni la kale katika mambo ya ubishi. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira wakitaka kujua kama mto huo unatoka katika Ziwa Tanganyika au unaingia. Hawakufika mlangoni mwake. Wenyeji waliwaambia kwamba unaingia, wakaondoka na jibu la kuambiwa, na mabwana wa jiografia huko Ulaya wakavutana juu ya jambo hilo kwa miaka 13. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipiga makasia kutoka Ujiji hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, wakayaona kwa macho yao maji yakimwagika ziwani. Ubishi ukafa siku hiyo. Wavuvi wa hapo, ambao hawakuwahi kuwa na shaka, waliendelea kuvuta nyavu zao.

Ubishi ninaousimulia hapa hauna mlango wa mto wa kwenda kuutazama. Ni ule wa albamu ipi imezipita zote. Unaanza jioni Mutarule, kijiji cha wakulima jirani na Luberizi, mihogo ikiwa imeanuliwa na chupa ya kasiksi imefunguliwa, na unapatikana vilevile Sange, Luvungi, Kiliba na kwenye vibanda vya ndagala pale Uvira. Wanaobishana hawatafuti jibu la dunia nzima. Kila mmoja anatetea kitu kilichomfikia mkononi, na hapo ndipo historia inapoanza, kwa sababu bondeni hapa muziki haukuwahi kufika kwa njia iliyonyooka.

Kwanza, kwa muda mrefu hapakuwa na albamu ya kubishania. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ya Uingereza iliuza Afrika santuri za Kikuba zilizojulikana kwa herufi GV, nazo ndizo zilizowafundisha watu wa Kongo kucheza kwa mwendo wa son. Zilikuwa za mizunguko 78 kwa dakika, nzito, za kuvunjika zikidondoka, na kila upande ulibeba dakika kama tatu tu. Mwaka 1948 Mgiriki Nicolas Jeronimidis alifungua kampuni ya santuri ya Ngoma huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, na mwaka huohuo Wendo Kolosoy, akiwa na gitaa la Henri Bowane, akatoa Marie-Louise. Opika na Loningisa zikafuata. Upande wa kusini mashariki, Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi mwaka 1952. Kijana huyo alipiga gitaa peke yake na kuimba kwa Kiswahili, na Masanga yake bado inawapa kazi wapiga gitaa wa Ulaya wanaojaribu kuelewa vidole vilikuwa vinapita wapi. Hizi zote ni nyimbo mojamoja. Mzee anayesema kwamba albamu bora ni Indépendance Cha Cha ya Grand Kallé, iliyorekodiwa Brussels mwanzoni mwa 1960 wakati wanasiasa wakiwa kwenye mkutano wa Meza ya Duara, anajibiwa upesi.

“Baba, huo ni wimbo. Tumeuliza albamu.”

“Mtoto wangu, wimbo uliotangaza uhuru wa nchi nzima unataka nyimbo nyingine za kuusindikiza?”

Hoja hiyo ina uzito kuliko vijana wanavyokubali. Santuri ndogo za mizunguko 45 zilizotawala miaka ya 60 na 70 zilikuwa na upande wa A na wa B, na mara nyingi wimbo mmoja ulikatwa katikati: maneno upande wa A, kisha unageuza, sebene, kile kipande cha magitaa cha kuchezea, inakusubiri upande wa B. Santuri kubwa zilipotoka, nyingi zilikuwa mkusanyiko tu wa hizo ndogo. Mfululizo wa L'Afrique danse, uliowapeleka Franco na Rochereau hadi Paris na Abidjan, ulikusanywa hivyo. Hakuna aliyekaa na OK Jazz, orkestra ya Franco, akasema, tufanye nyimbo kumi zenye wazo moja. Wakati Beatles wanaifunga Sgt. Pepper's mwaka 1967 kama kitu kimoja chenye mwanzo na mwisho, Kinshasa ilikuwa inatoa santuri mpya karibu kila wiki, na ubora wa orkestra ulipimwa kwa wimbo wa Jumamosi iliyopita. Kwa hiyo mtu akikuambia Kongo haikuwa na albamu kubwa miaka hiyo, anasema kweli bila kugundua kwamba hasemi lolote kuhusu muziki wenyewe.

Bondeni, santuri hizo ziliwafikia watu wenye mshahara: wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Kiliba, walimu wa misheni, makarani wa pamba, wafanyabiashara wa Uvira. Maduka yalikuwa ya Wagiriki, Waarabu na Wahindi. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zinapewa Wazaire, na katika miaka michache rafu nyingi zikabaki na vumbi. Kiwanda cha kuchapa santuri cha MAZADIS huko Kinshasa kiliwekwa mikononi mwa Franco mwenyewe. Ungedhani mwanamuziki akishika mashine, santuri zitajaa. Haikuwa hivyo. Malighafi ilitaka fedha za kigeni, fedha za kigeni zilikwisha, na kufikia mwanzo wa miaka ya 80 wakubwa wa rumba walikuwa wanarekodi Brussels na Paris. Albamu ya Kikongo ikawa bidhaa ya kuagizwa kutoka nje hata kwa Wakongo.

Hapo ndipo Mutarule ilipopata bahati ambayo Kinshasa haikuwa nayo. Kinshasa iko mbali mno magharibi, ng'ambo ya misitu isiyo na barabara. Bujumbura iko hapohapo: unavuka Kavimvira, unapita Gatumba, umefika mjini. Muziki wa Kinshasa ulikwenda Ulaya, ukashuka Nairobi au Bujumbura, kisha ukaingia bondeni kutoka mashariki, pamoja na sabuni na vitenge. Na uliingia kama kaseti.

Ningependa kukaa kidogo kwenye hesabu ya kaseti, maana ubishi wote wa leo umejengwa juu yake. Santuri kubwa ya Kikongo ya miaka ya 80 ilikuwa na nyimbo nne, wakati mwingine tano, mbilimbili kila upande, na jumla yake ilikaribia dakika 40. Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande. Santuri nzima inaenea upande mmoja na nafasi kidogo inabaki. Mnakili wa kaseti, aliyekaa na deki zake mbili na kalamu ya wino, aliweka Franco upande wa A. Upande wa B aliweka alichotaka yeye, au alichoona kinauzika: Afrisa na Mbilia Bel, Empire Bakuba, pengine Lucky Dube. Zile dakika chache zilizobaki mwishoni hakuziacha bure, alizijaza na kipande cha wimbo mwingine kilichokatika ghafla. Juu ya karatasi aliandika jina moja tu. Basi kuna watu bondeni hapa ambao hadi leo wanaamini kwamba nyimbo fulani mbili ni za albamu moja, kumbe zilikutanishwa na mtu wa Bujumbura aliyekuwa anabana nafasi. Usiwacheke. Mtu huyo alikuwa na sikio, na baadhi ya kaseti zake zilipangwa vizuri kuliko santuri zenyewe.

Kisha kuna suala la mawe ya redio, yaani betri. Vijiji vya bondeni havikuwa na umeme, ingawa nguvu za mto huohuo wa Ruzizi zilizalisha umeme huko juu tangu mwishoni mwa miaka ya 50. Redio kaseti ilikula mawe sita au manane, na hakuna kilichoyamaliza haraka kama kurusha wimbo mbele. Mwenye akili alitoa kaseti, akachomeka kalamu ya Bic kwenye tundu la meno, akazungusha kwa mkono. Mawe yakilegea, sauti ya Rochereau ikawa ya mtu aliyelala, na mawe hayo yalianikwa juani kwenye bati ili yapate uhai wa jioni moja zaidi. Katika hali hiyo ulisikiliza kaseti kuanzia mwanzo hadi mwisho, upende usipende. Hapo wazee wakapata kipimo ambacho sijakisikia kwingine, nami nakiona cha haki kuliko vyote: albamu bora ni ile ambayo haina wimbo unaokutia hamu ya kutafuta kalamu.

Kwa kipimo hicho, mshindani wa kwanza ni wa mwaka 1983. Franco na Tabu Ley Rochereau walikuwa wamegawana mashabiki kwa miaka 20, kila mmoja na kambi yake, wapole wakiwa kwa Rochereau na wenye ulimi mkali kwa Franco. Mwaka huo wakaingia studio pamoja, na zikatoka Omona Wapi, Lettre à Monsieur le Directeur Général na nyingine. Ukisikiliza leo, husikii mashindano. Unasikia watu wazima wawili wanaoachiana nafasi, na magitaa yanayojua lini kunyamaza. Upande wa upinzani unaleta Mario ya 1985: Franco akisema na Madilu System akiimba kuhusu kijana msomi anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri, zaidi ya dakika 13 bila kuchosha. Hakuna anayepinga wimbo. Lakini muulize anayeitetea: nyimbo nyingine za santuri ile ni zipi? Wengi hukwama hapo. Franco alipofariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, nchi ikawekwa katika maombolezo ya siku nne, na kaseti zake zikapanda thamani ghafla, zile zilizonakiliwa vibaya pia.

Hadi hapo ubishi ulikuwa wa Lingala, na Lingala bondeni ni jambo la kupimwa kwa uangalifu. Kilifika kwa njia mbili: kinywani mwa askari na kwenye kaseti. Mtu alikiimba Jumamosi na kukiogopa Jumatatu kwenye kizuizi cha barabarani. Kwa hiyo wapo waliosema tangu mapema kwamba albamu bora lazima iwe na maneno ambayo mama zao wanayaelewa bila kutafsiriwa, na wakaleta washindani wao. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alihamia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, baadaye akaiongoza Super Matimila, na mwaka 1989 akarekodi Songs for the Poor Man katika studio ya Real World huko Uingereza. Mkongo anayeimba kuhusu umaskini na kifo kwa Kiswahili cha Dar, kwa gitaa la Kinshasa: bondeni hilo halihitaji maelezo. Khadja Nin, mzaliwa wa Bujumbura, alitoa Sambolera mwaka 1996 akiwa Ubelgiji, nusu ya dunia ikaimba Kiswahili bila kujua ni lugha ya wapi. Lokua Kanza, mtoto wa Bukavu, alitoa albamu yake ya kwanza yenye jina lake mwaka 1993, ya utulivu kiasi kwamba mpenda sebene huuliza kama redio imeharibika.

Na kuna Malako ya Samba Mapangala na Orchestra Virunga, iliyotoka Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 80 na kutolewa tena Uingereza mwaka 1990 kwa jina la Virunga Volcano. Mapangala ni wa Matadi, kule upande wa bahari ya Atlantiki. Alivuka nchi nzima hadi Uganda, kisha Kenya, na njiani akachanganya Lingala na Kiswahili kama watu wetu wanavyochanganya sokoni. Saksafoni zake haziringi. Nitarudi kwake.

Oktoba 1996 vita vilianzia hapa. Uvira ilianguka kwa waasi wa AFDL kabla ya mwezi kwisha, kiwanda cha Kiliba kikasimama, na watu wakakimbilia milimani au ng'ambo ya ziwa. Mwenye redio aliibeba kichwani au aliifukia. Miezi michache baadaye Mobutu akaondoka, na katika mwaka huohuo wa 1997 Kinshasa ikapata mpasuko mwingine ambao mashabiki wanaukumbuka kwa uchungu unaolingana: Wenge Musica ilivunjika. Ilikuwa orkestra ya vijana waliozaliwa karibu na uhuru au baada yake, waliompokea usukani Zaïko Langa Langa kwa kasi na kwa sauti za atalaku, wapiga kelele wa kuchochea dansi. JB Mpiana akabaki na jina la BCBG, Werrason akaondoka na Maison Mère. Mwaka 1998 kila kambi ilitoa albamu: Titanic upande wa Mpiana, Force d'Intervention Rapide upande wa Werrason.

Agosti 1998 vita vya pili vikaanza, na nchi ikakatwa vipande. Uvira na bonde lake zikawa chini ya waasi wa RCD, na Kinshasa ikawa nchi nyingine. Barua, mishahara, diploma za shule, vyote vilikwama mpakani mwa vita. Muziki haukukwama. Solola Bien ya Werrason ya 1999, T.H. ya Mpiana ya 2000, Kibuisa Mpimpa ya Werrason na Effrakata ya Koffi Olomide za 2001 zilifuata njia ileile ya zamani, Paris, Nairobi, Bujumbura, zikaingia bondeni kutoka mashariki. Vijana waliokuwa hawajaonja hata siku moja maji ya mto Kongo waligawanyika kuwa wa Werra na wa JB, wakapigiana kelele kuhusu ugomvi wa mitaa ya Bandal huko Kinshasa ambayo hawakuwahi kuikanyaga. Waliokuwa wanawatawala hawakujali. Huo ulikuwa mgawanyiko pekee bondeni uliokuwa hauui mtu.

Na ulikuwa wa akili. Mtetezi wa Werrason alisema Solola Bien ilibadilisha mwili mzima wa dansi. Mtetezi wa Mpiana alisema melodia haichezwi kwa kiuno. Waliokuwa wa Koffi Olomide walikaa pembeni na kukumbusha kwamba bwana wao alijaza ukumbi wa Bercy Paris Februari 2000, kabla ya Werrason kuufikia Septemba mwaka huohuo, na kwamba Noblesse Oblige ya 1993 hadi leo haina wimbo wa kutafuta kalamu. Lawama moja ilikuwa ya haki kwa wote: mabanga. Majina ya wafadhili yalikuwa yamezidi, kila baada ya ubeti unaitiwa mfanyabiashara wa almasi wa Mbuji-Mayi au wa Luanda, hadi wimbo wa mapenzi ukawa orodha ya wachangiaji wa harusi. Kwangu mimi hapo ndipo Kibuisa Mpimpa inapopoteza pointi, pamoja na ukubwa wake wote.

Wakati huo dunia nyingine ilikuwa na ubishi wake, na ilikuwa inauandika. Mwaka 1999 jarida la TIME la Marekani liliitangaza Exodus ya Bob Marley, iliyotoka 1977, kuwa albamu ya karne. Mwaka 2003 Rolling Stone ilichapisha orodha ya albamu 500, Sgt. Pepper's ikiwa ya kwanza. Orodha hiyo ilipofanywa upya mwaka 2020 kiti kikachukuliwa na What's Going On ya Marvin Gaye. Kitabu kimoja cha Kiingereza cha albamu 1001, kilichohaririwa na Robert Dimery na kutoka mwaka 2005, kilimpa nafasi Koffi Olomide kwa Haut de Gamme: Koweït, Rive Gauche ya 1992. Mtu wa Luvungi akielezwa hayo hafurahi sana. Anauliza kwa nini ni hiyo na si Noblesse Oblige, nami nakubaliana naye. Waliochagua walisikiliza santuri iliyopatikana London.

Orodha hizo zinatuhusu kwa njia nyingine isiyozungumzwa. Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi ngoma za Burundi, ng'ambo ya Ruzizi, na Ocora ikazitoa kwenye santuri. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada alichukua sauti hizo akaziweka chini ya wimbo wa The Jungle Line, katika albamu yake The Hissing of Summer Lawns. Waliopiga walitajwa kwa jumla tu, kama ngoma za wapiganaji wa Burundi. Mwanzoni mwa miaka ya 80 vijana wa Uingereza kama Adam and the Ants walijenga mtindo mzima juu ya mapigo hayo. Kwa hiyo wataalamu wanapoisifu albamu ile ya Mitchell kwa ujasiri wake, wanasifu pia mikono ya watu ambao, kukiwa na upepo mzuri, ngoma zao zingesikika karibu hadi kwetu.

Wazungu wa orodha na wazee wa Mutarule wana jambo moja la pamoja: wote huwasahau wakwaya. Bonde hili ni la Wapentekoste kuliko lilivyo la rumba. Wapo watu wazima ambao hawajawahi kununua kaseti ya dunia, na hao pia wana albamu yao bora. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa Mteule Uwe Macho ya Rose Muhando wa Tanzania, iliyopigwa kwenye mabasi na kwenye matanga bila ubaguzi. Baadaye ikaja Kwetu Pazuri ya Ambassadors of Christ, kwaya ya Waadventista wa Kigali, inayoimba Kiswahili safi kwa sauti zilizopangwa kama ukuta wa tofali. Wapo wanaomshika Solomon Mukubwa, Mkongo aliyefanyia kazi yake Nairobi, ambaye nyimbo zake za Mfalme wa Amani zinajulikana hapa kuliko jina la gavana. Mpenda rumba akisema gospeli si muziki wa kushindanishwa, anakimbia. Kipimo cha kalamu hakiulizi dini.

Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu zaidi ya 30 waliuawa Mutarule, wengi wao wakiwa wamekusanyika kwa ibada. Jina la kijiji likasomwa kwenye redio za Ulaya kwa juma moja. Katika kipindi kilichofuata sikumbuki kusikia mtu akibishana kuhusu albamu. Zilizopigwa zilikuwa za kwaya, na zilipigwa mchana na usiku. Yeyote anayepanga orodha ya albamu kubwa na kuacha nafasi ya zile zinazotumika kuzika watu amepanga orodha ya nusu ya maisha.

Siku hizi kaseti zimeoza. Pale Uvira na Sange kijana mwenye kompyuta moja anakuwekea nyimbo kwenye kadi ya simu, na anauza kwa wingi wa nyimbo. Unapata faili lenye jina Koffi, ndani yake nyimbo za miaka 30 zimepangwa kwa alfabeti, ya 1992 kando ya ya 2015. Albamu imerudi ilikotoka, kwenye wimbo mmoja mmoja, kama siku za santuri ya mizunguko 78. Fally Ipupa alipotoa Formule 7 mwishoni mwa 2022 vijana waliinadi kuwa bora kuliko zote, lakini ukiwauliza wimbo wa tatu unafuatwa na upi, wanatazama kioo cha simu. Siwalaumu. Hawakulazimishwa na mawe kusikiliza mpaka mwisho. Halafu wana Droit Chemin ya 2006, ya Fally huyohuyo, ambayo ni nzuri zaidi, na ambayo waliozaliwa mwaka ilipotoka wanaiita ya wazee.

Tarehe 30 Juni 2022 Wenge Musica ilipanda jukwaani tena katika uwanja wa Martyrs huko Kinshasa, Mpiana na Werrason pamoja, miaka 25 baada ya kuachana. Watu walitazama kwenye simu, wengine wakalia. Juma lililofuata ubishi wa Titanic na Force d'Intervention Rapide ulikuwa palepale, sasa ukiwa na ushahidi mpya: nani aliimba sauti ya nani, nani alichoka kwanza.

Kura yangu ni ya Malako. Si kubwa kama za Franco, haina fedha ya Koffi, na Paris haikuisubiri kwa hamu. Lakini ilitengenezwa na Mkongo aliyevuka mipaka kwa miguu ya kazi, ikatoka Nairobi, ina Lingala na Kiswahili mdomoni, na iliposhuka bondeni haikuwa mgeni. Tena mnakili wa Bujumbura aliiweka upande wa A. Rafiki yangu wa Sange anasema nimeharibiwa na Kiswahili, na kwamba upande wa B wa kaseti yangu, uliokuwa na Omona Wapi, ndio uliochakaa kwa kusikilizwa. Hilo la kuchakaa ni kweli. Mimi nasema ni ubora wa utepe, yeye anasema ni masikio.